Chui wa Mamba na Mke Wake Mbuzi

Katika miaka yote aliyoishi kijijini Mamba, upande ule wa mlima unaopakana na Marangu, Eliufoo hakuwahi kugombana na mtu. Akikanyagwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa, yeye ndiye aliyeomba radhi. Fundi akimkatia suruali fupi, aliivaa hivyo hivyo na kuvuta soksi juu. Mkewe, Esther, ndiye aliyesema kwa niaba yake, tena kwa sauti iliyovuka migomba ikasikika mpaka barabarani. Watu walimpenda Eliufoo, wakamwogopa Esther, na ilionekana kila mmoja ameridhika na fungu lake.

Mtoto wao Davis alikuwa anaongoza wageni mlimani. Kipindi cha mvua, wapandaji walipopungua, aliwaleta wageni nyumbani waone kahawa inavyotoka mtini mpaka kikombeni. Eliufoo alionyesha kuchuma na kumenya. Davis alieleza kwa Kiingereza. Esther alikaanga buni na kuwapangia wageni zamu za kutwanga, na hakuna mgeni, hata awe mkubwa namna gani huko kwao, aliyethubutu kuweka mchi chini kabla Esther hajamruhusu.

Siku moja akaja mama mmoja Mchina wa makamo, jina lake Lin. Alikuwa mchangamfu, akatwanga bila kulalamika, na walipokaa kunywa kahawa akamwuliza Eliufoo, kupitia kwa Davis, alizaliwa mwaka gani.

"Sitini na mbili," Eliufoo akajibu.

Mama Lin akapiga makofi, akasema maneno mengi kwa haraka.

"Anasema kwao kila mwaka una mnyama wake," Davis akaeleza. "Wako kumi na wawili, wanapokezana. Ukizaliwa mwaka wa mnyama fulani, unachukua tabia zake. Sasa wewe, baba, mnyama wako ni kama chui, ila mkubwa zaidi na ana mistari."

"Chui?" Esther akauliza.

"Chui. Anasema mtu wa chui ni jasiri. Amezaliwa kuongoza. Hapendi kuamrishwa, haogopi mtu, na akikasirika watu wanatafuta pa kujificha."

Esther akacheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya jiko. Mama Lin naye akacheka, akidhani ndivyo watu wa huku wanavyoshukuru. Eliufoo peke yake hakucheka. Alikaa wima, kikombe mkononi, akimtazama yule mama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake halisi baada ya kuitwa jina la mwingine maisha yake yote.

"Na mimi je?" Esther akasema, akijifuta machozi kwa kitenge. "Mimi sitini na saba. Mimi bila shaka ni simba."

Davis akauliza, akasikiliza jibu, kisha akaanza kukoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari.

"Si useme?"

"Mbuzi, mama."

Esther akaacha kujifuta machozi.

"Mbuzi ana nini?"

"Anasema ni mpole sana. Ana haya. Hapendi ugomvi, na anafurahi akipata mtu wa kumwongoza."

Esther akamtazama Mama Lin. Mama Lin akatabasamu na kumwinamia kwa heshima. Esther akachukua kikapu cha buni, akatoka nje, na siku hiyo wageni wakaagwa na Davis peke yake.

Sasa ili kuelewa kilichofuata lazima kwanza kumjua Ebenezeri. Ebenezeri na Eliufoo ni wa ukoo mmoja, na vihamba vyao, yale mashamba ya urithi, vimepakana, cha Eliufoo juu, cha Ebenezeri chini. Katikati wazee wao walipanda masale, yale majani ya mpaka ambayo kila Mchagga anajua hayang'olewi ovyo. Lakini Ebenezeri alikuwa na mtindo wake. Kila baada ya masika alisema masale yamelala kwa sababu ya mvua, akayang'oa na kuyapanda upya, yakiwa yamesogea kidogo. Kidogo tu, kiasi cha mtu kujiuliza kama ameona vibaya. Kwa miaka mingi yakaenda yakipanda namna hiyo, mpaka mparachichi mzuri uliokuwa ndani ya kihamba cha Eliufoo ukajikuta uko kwa jirani.

Esther alikuwa amempigia Ebenezeri kelele za kila aina. Jibu lilikuwa moja tu, nalo lilitolewa kwa utulivu mkubwa: "Shemeji, mimi sibishani na mke wa mtu. Mwenye kihamba ni Eliufoo, na Eliufoo hajalalamika."

Na kweli, Eliufoo hakuwa amelalamika.

Basi jioni ile ile wageni walipoondoka, Eliufoo alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akamwambia Davis, "Naenda kwa Ebenezeri. Leo tutajuana." Akateremka kati ya migomba akitembea kwa kunyata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta Ebenezeri amesimama penye masale, anapunguza majani ya mgomba.

"Karibu, Mangi," Ebenezeri akasema kwa ile sauti yake nzito. "Kuna tatizo?"

Eliufoo akafungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwepo, aliyahisi kooni. Akayavuta kwa nguvu.

"Nilikuwa," akasema, "naomba kuazima panga."

Akarudi nyumbani na panga la Ebenezeri. Esther alikuwa kwenye kizingiti.

"Amekurudishia mpaka?"

"Amenipa panga."

"Nyumba hii ina mapanga manne," Esther akasema, akaingia ndani. Hiyo ilikuwa sentensi yake ya mwisho ya aina hiyo kwa wiki nzima.

Kwa sababu kesho yake asubuhi, Eliufoo alipoamka na kusubiri kuambiwa la kufanya, hakuambiwa kitu. Esther alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Mama Davis, vipi, unaumwa?"

"Hapana. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Kuongozwa. Si mimi ni mbuzi? Wewe ndiye chui. Sema, tufanye nini leo?"

Eliufoo alifurahi. Alidhani ndivyo uongozi unavyopatikana. Akajikohoza, akasema, "Basi pika ndizi."

"Ndizi gani?"

"Ndizi."

"Mtori au machalari? Au kiburu? Nitumie mshare au zile nyingine? Niweke nyama au maziwa? Kama ni nyama, nani anakwenda kuinunua, na kwa mchinjaji yupi, maana yule wa karibu anatupa mifupa?"

Eliufoo akaanza kuyahesabu maswali kwa vidole. Mwishowe wakala mkate.

Siku ya tatu nyumba ilikuwa imelegea yote. Maziwa yalichelewa kituoni yakakataliwa. Kuku walilala juu ya mti kwa sababu hakuna aliyeagiza wafungiwe. Wageni wawili wa kahawa walipewa mchi, wakatwanga mpaka wakalowa jasho, nao walipotazama huku na huku wakitafuta wa kuwaambia inatosha, Esther aliwatazama kwa upole na kusema, "Mimi sijui, muulizeni mzee." Mzee alikuwa juu ya mti anatafuta kuku.

"Mama, naomba uache," Davis akamwambia pembeni. "Wale wageni mikono imetoka malengelenge."

"Niache nini, mwanangu? Nimekuwa mpole, mnalalamika. Nikiwa mkali, mnalalamika."

Lakini Eliufoo hakutaka kukubali kwamba uchui umemshinda. Aliona tatizo ni mazoezi. Akawa anakwenda zizini kunguruma taratibu mbele ya ng'ombe, mpaka ng'ombe akapunguza maziwa. Jumapili, baada ya ibada, waumini wakabaki kuzungumzia ukarabati wa paa. Mzee wa kanisa alipokuwa bado anatafuta miwani yake, Eliufoo akainuka katika benchi la nyuma, akasema kwa sauti kuu:

"Mimi napinga!"

Kanisa zima likageuka. Wengi hawakuwa wamewahi kusikia sauti yake bila wimbo.

"Unapinga nini, mzee Eliufoo?" akaulizwa kwa heshima. "Hatujasoma hoja bado."

Mtu mwingine angekaa. Eliufoo, kwa kuwa alikuwa ameshasimama na watu wote wanamtazama, aliona ni aibu kubwa zaidi kukaa bila kupinga kitu. Akasema kitu cha kwanza kilichomjia: "Napinga watu kusogeza masale. Na Jumamosi, saa nne, nitakutana na Ebenezeri pale mpakani, mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi. Anayetaka kuja, aje."

Akakaa. Benchi likatoa mlio. Ebenezeri, benchi la tatu, hakugeuka, ila shingo yake ilinenepa.

Habari ikateremka mlima kwa pikipiki. Hadi Jumatano walikuwa wanaijua Himo sokoni, na kule ilikuwa imekua: kwamba mzee mmoja wa Mamba ametabiriwa na Wachina kuwa chui, na sasa anawararua ndugu zake. Watu wakamsalimia Eliufoo kwa uangalifu. Yule fundi aliyemkatia suruali fupi alimpigia simu akauliza kama kuna nguo yoyote angependa irekebishwe.

Hayo yote yangekuwa matamu kama Jumamosi isingekuwa inakaribia. Ijumaa jioni, Esther alipokuwa anakamua, Eliufoo akaja akasimama mlangoni mwa zizi.

"Mama Davis, kesho naomba uzungumze wewe."

"Mbuzi hazungumzi."

"Acha utani sasa."

"Sitanii," Esther akasema, bila kugeuka. Maziwa yaliendelea kuchuruzika ndooni. "Unajua kilichonichoma siku ile? Jina la mbuzi halikunichoma sana. Nilichomwa kwa sababu yule mama alisema kweli."

"Kweli gani?"

"Nilipoolewa hapa nilikuwa na haya, nikashindwa hata kumwomba mama yako maji ya kunywa. Umesahau? Wewe ndiye uliyekuwa unaniletea kwa siri, kwenye kikombe chako cha kunyolea ndevu. Yalikuwa na ladha ya sabuni, nami nikayanywa kwa kuwa niliona haya kukuambia." Akahamisha kigoda. "Halafu mnunuzi wa kahawa akitupunja, wewe kimya. Mwalimu akimrudisha Davis nyumbani kwa kosa la mtoto mwingine, wewe kimya. Ilibidi mmoja wetu apige kelele, Baba Davis. Nikajifunza. Sasa nikipita njiani watu wanapisha. Nimechoka kuogopwa. Hata wewe unaniogopa."

Eliufoo akatafuta jibu. Alijua kunyamaza ndilo jibu baya kuliko yote, lakini alilitafuta jingine mpaka ndoo ikajaa, asilipate. Akachukua ile ndoo, akaibeba mwenyewe mpaka ndani.

Jumamosi watu walikuja na vigoda vyao kama wanaokuja kuangalia mpira. Wengine walipanda kwenye ule mparachichi. Balozi, Mama Eliona, mwanamke mfupi mwenye kofia ya sufu, alisimama katikati ya masale ili ionekane hana upande. Ebenezeri alikuja amevaa suti, mkewe Yuditha akiwa nyuma yake. Inaonekana alikuwa amejiandaa kweli kweli kupambana na chui, maana alikuwa ameleta pia watoto wake wawili wenye vifua vipana.

Esther alikaa kigodani, mikono mapajani.

"Haya, mzee Eliufoo," Mama Eliona akasema. "Wewe ndiye uliyetuita."

Eliufoo akasogea mbele. Akamtazama Esther. Esther akatazama chini. Akamtazama Ebenezeri na suti yake. Wale waliokuwa karibu wanasema alifungua mdomo kama mtu anayetaka kunguruma kweli, watoto wakarudi nyuma, halafu akaufunga, na mabega yake yakashuka yakarudi mahali pake pa kila siku.

"Ebenezeri," akasema, "mimi nakuogopa."

Hakuna aliyekuwa amelitegemea hilo. Ebenezeri mwenyewe akageuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine anayeambiwa.

"Unaniogopa mimi?"

"Tangu tuko shule. Una sauti kubwa. Ukikohoa huko kwako, mimi huku nashtuka. Wiki iliyopita nilikuja kukuambia habari za masale, nikaishia kuazima panga. Sikuwa na shida ya panga. Nimelileta, hili hapa." Akampa. "Sasa hivi ninapozungumza miguu yangu inatetemeka, ukitaka itazame. Lakini mke wangu amezungumza peke yake miaka yote hii, na wewe umemjibu kwamba mimi sijalalamika. Basi leo nalalamika. Masale umeyasogeza. Naomba uyarudishe."

Ebenezeri alikuwa na majibu ya matusi, na majibu ya vitisho, na pengine hata jibu la ngumi, lakini kwa mtu anayekurudishia panga lako huku anatetemeka hakuwa na jibu. Akalegeza tai.

"Masale yalisogea yenyewe," akasema. "Ni mvua."

"Mvua inateremka, mzee," Mama Eliona akasema taratibu. "Haya masale yamepanda mlima."

Watu wakaanza kukohoa wakificha vicheko. Ebenezeri akaona mambo yanaharibika, akatafuta pa kutokea.

"Kwanza haya yote yameletwa na upuuzi wa wanyama!" akapaza sauti. "Mtu anaambiwa ni chui, kichwa kinavimba. Sisi Wakristo tuna mambo gani na wanyama wa Wachina? Eti chui! Kama yeye ni chui, mimi niliyezaliwa sitini nitakuwa nani? Davis! Hebu sema mbele ya watu, mimi ni nani? Tembo?"

Davis akatoa simu. Akaangalia. Akairudisha mfukoni.

"Baba mkubwa, tuache tu."

"Sema!"

"Panya."

Aliyekuwa juu ya mparachichi nusura aanguke. Ebenezeri akasubiri kicheko kipungue, akauliza kwa ukali, "Na panya ana tabia gani?"

"Nzuri tu, baba mkubwa. Mwerevu sana. Anajua kutafuta." Davis akapunguza sauti. "Anakusanya kidogo kidogo, bila kelele, mpaka ghala linajaa."

Macho yote yakaenda kwenye masale. Na wa kwanza kucheka alikuwa Yuditha, mkewe Ebenezeri. Alicheka kama mtu aliyebeba mzigo siku nyingi na sasa ameutua. "Hata Mchina huko kwake amekuona!" akasema, akijipiga mapajani. "Mume wangu, rudisha masale ya watu twende tukale."

Ebenezeri akawatazama watoto wake. Nao walikuwa wanacheka, vifua vyao vipana vikipanda na kushuka. Akasimama kidogo, kisha akavua koti la suti, akalikabidhi kwa Yuditha, akainama mwenyewe, akang'oa sale la kwanza.

Hayakurudi yote siku ile, wala hayakurudi mpaka pale pale pa zamani, kwa sababu kila mzee alikuwa na kumbukumbu yake kuhusu pa zamani ni wapi. Mparachichi ulirudi kwa Eliufoo. Migomba ambayo Ebenezeri alikuwa ameshaipanda kwenye ile sehemu, Eliufoo alisema aivune kwanza. Esther alipolisikia hilo akainua kichwa, akafungua mdomo, akaufunga, ikawa wazi kwamba upole ule ulimgharimu. Yuditha akaleta mbege, pombe ya ndizi, na mpaka jua linapinduka wale wanaume wawili walikuwa wamekaa kwenye gogo moja, Ebenezeri akiwaeleza watu kwa sauti yake nzito kwamba kwa Wachina panya ndiye wa kwanza katika wale wanyama wote, kwamba Davis amemhakikishia.

Usiku haujaingia, Eliufoo akiwa anafungia kuku, Esther akamfuata.

"Umeongea vizuri," akasema.

"Nilitetemeka."

"Nimeona. Kila mtu ameona." Akashika mlango wa banda ili usipige. "Nataka kwenda kwa Stella, Shirimatunda. Wiki moja. Nikae tu, mtu mwingine apike."

Stella ni mdogo wake Esther, na tangu ajenge nyumba yake huko pembezoni mwa mji wa Moshi alikuwa akimwalika dada yake bila mafanikio, maana sikuzote Esther alisema akiondoka nyumba itaanguka.

"Nenda," Eliufoo akasema. "Nenda wiki mbili."

Akaenda. Huko Shirimatunda alilala mpaka jua likawa juu, akaletewa chai kitandani, na majirani wa Stella wakasema yule dada yako ni mtu mtaratibu kweli. Siku ya nne simu ikaita.

"Habari za huko, Baba Davis?"

"Nzuri," Eliufoo akasema. Esther akasikia anavuta pumzi. "Si nzuri sana. Ng'ombe amekula gauni lako la kwaya."

Stella, aliyekuwa anachambua mchele, aliona dada yake anakaa wima.

"Lote?"

"Amebakiza mkono mmoja."

"Upi?"

"Wa kushoto. Ningeweza kukuficha, nilifikiria kusema limeibwa na mtu, nikaona hapana. Mama Davis, umekasirika?"

Esther alikuwa ameziba simu kwa kiganja, anacheka mpaka anatoka machozi. Alipoweza kuzungumza tena, akajilaza kwenye kochi, akaweka miguu juu ya mto.

"Sasa hebu niambie taratibu," akasema. "Gauni lilifikaje zizini?"